Ua la Sita

Meli kutoka Tanga ilifunga gatini Mkoani, Pemba, asubuhi, na kabla hatujapata mizigo yetu binti wa dada yangu alikuwa ameshaanza kusoma vichwa vya watu. Makuli, madereva, wazee waliokuja kupokea wageni: karibu kila mwanamume mzima pale bandarini alivaa kofia, naye alitaka kujua ipi imeshonwa kwa mkono na ipi imetoka kiwandani. "Mama mdogo, ile je?" akawa ananinong'oneza. Nikamwambia aache kutazama maua, atazame matundu. Kofia nyingi za mashine huwa na duara la uzi lililojaa, tundu limeigizwa tu. Ya mkono hupitisha mwanga, na ukiisogelea hutakuta matundu mawili yaliyolingana kabisa.

Ana miaka 14 na alikuwa amemaliza kidato cha kwanza. Kwa muda mrefu alikuwa akisema anataka kumshonea babu yake kofia ya sikukuu, si kumnunulia. Babu yake ni baba yangu, mzaliwa wa Wete aliyevuka kwenda Tanga akiwa kijana, kama walivyovuka Wapemba wengi, asirudi tena ila kwa harusi na misiba. Dada yake alibaki. Huyo ndiye shangazi yangu, na kwa binti huyu ni bibi, ingawa walikuwa hawajaonana ila kwa simu. Mimi najua kushona kanzu na kupinda mapazia kwa cherehani. Kudarizi kofia sikufundishwa, kwa hiyo nilimpeleka kwa anayejua.

Kutoka Mkoani tulipanda daladala hadi Chake Chake, tukabadilisha kwenda Wete. Desemba ile karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, pengine hadi ukingoni mwa lami, na harufu yake iliingia madirishani kila dereva alipopunguza mwendo. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki, na msimu ukiwa mzuri kila mkono huitwa, wa kuchuma na wa kuchambua vikonyo. Nilihofia kwamba Shangazi hatakuwa na nafasi. Tulimkuta ukumbini amenyoosha miguu juu ya mkeka, karafuu zake keshazianika, miwani puani na kipande cha bafta mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kwenu." Alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavikagua vidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Kichwa umekuja nacho?"

Binti akafungua mkoba, akatoa uzi wenye mafundo mawili. Shangazi alikuwa ameagiza kwa simu kabla ya safari: mzungushie babu yako uzi juu ya masikio, upite katikati ya paji la uso, usikaze, usilegeze, funga fundo kwenye kila ncha pale zinapokutana. Tulipoulaza juu ya futi ya fundi ulisoma inchi 22. Shangazi hakuigusa futi tena. Aliukunja uzi sehemu tatu sawasawa, akapunguza upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, akasema huo ndio upana wa duara la juu. Binti alinyamaza kidogo, halafu akaomba kalamu. Shuleni walifundishwa kwamba mzingo ukiugawa kwa 22 juu ya 7 unapata kipenyo cha duara, na 22 ukiigawa hivyo inatoka 7 kamili. Akaupima ule uzi uliokunjwa. Inchi 7.

"Bibi, kumbe unajua pai!"

"Mie nakijua kichwa cha kaka yangu," Shangazi akamjibu, akachukua mkasi.

Kofia ya viua ya Zanzibar ni vipande viwili tu, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande ni kitambaa kilichorudufiwa. Kilichobaki ni kazi ya sindano. Bafta hufuliwa kwanza na kukaushwa, ili kama ni ya kuruka iruke kabla ya kukatwa, maana kofia iliyoshonwa kwa wiki nyingi ikisinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza haina wa kuivaa. Shangazi alikata ukanda wenye urefu wa inchi 22 na nafasi ya mshono, akakata duara la inchi 7 na nafasi ya mshono vilevile. Duara akalifunga ndani ya foronya na kuliweka mbali. Binti aliuliza kwa nini, naye hakujibiwa siku hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ufundi wa Shangazi, na simaanishi ufundi wa kudarizi. Nimehudhuria mafunzo ya ushonaji mahali kadhaa, na karibu kote mwanafunzi hupewa kitambaa chakavu ajizoeze kwanza. Anashona mistari, anashona matundu, kitambaa kinatupwa. Anajifunza sindano lakini hajifunzi kuchunga. Shangazi hakutoa kitambaa chakavu. Alimpa mtoto ambaye hajawahi kudarizi hata kitone ukanda wenyewe wa kofia ya babu yake, mweupe, na akamwachia akae nao. Nilishtuka kidogo. Baadaye nikaona kwamba kila kazi aliyompa ilikuwa imepangiwa mahali ambapo mkono mbichi hauwezi kuharibu.

Ya kwanza ilikuwa bandi. Nguo mbili zinalazwa pamoja na kushikizwa kwa mishono mirefu ya kupita, ili zisihame wakati wa kudarizi. Bandi hufumuliwa kazi ikiisha. Binti alipiga bandi yenye kupinda huku na huku, na Shangazi akamwacha apinde. Alimsahihisha jambo moja tu, urefu wa uzi. Binti alikuwa anakata uzi mrefu ili asitie sindano mara kwa mara, na kila baada ya mishono michache ukawa unajisokota na kufunga fundo. "Pima kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, basi. Uzi mrefu ni wa mvivu, na mvivu ndiye anayefumua sana." Ilipofika jioni mkono wake ulikuwa umezoea kushika sindano, na hakuna mshono wake hata mmoja wa siku ile utakaobaki kwenye kofia.

Siku iliyofuata wakachora. Inchi 22 zikagawanywa kwa maua 11, kila ua inchi mbili. Kwa kifuniko cha chupa na penseli iliyochongwa vizuri, Shangazi alichora ua lenye petali nane, kiua kimoja, yaani kitundu cha kudariziwa, kwenye ncha ya kila petali na kimoja katikati. Viua tisa kwa maua 11 ni viua 99, sawa na punje za tasbihi, na Shangazi alizitaja punje hizo kana kwamba kofia haiwezi kuchorwa kwa hesabu nyingine. Juu na chini ya maua akachora mistari pacha ya kupitishia uzi mnene, ule unaolala kati ya nguo mbili na kuufanya ukanda usimame.

Kisha akauliza swali ambalo nalikumbuka kuliko yote aliyoyasema. Aliushika ukanda kwa ncha zote mbili, akauzungusha hadi zikakutana, akamwambia, "Mshono huu unakaa wapi kichwani?"

"Kisogoni."

"Na paji la uso liko kwenye ua la ngapi?"

Binti akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia. Kote ikawa la sita.

"Basi unaanza na la kwanza," akasema Shangazi. "Huko kisogoni hakuna anayekutazama. Utakosea la kwanza, utakosea la pili, la tatu utaanza kuona haya. Ukifika la sita uwe unajua, maana hilo ndilo watu wanaloamkia."

Kwa maoni yangu hakuna mtaala wa ushonaji uliopangwa vizuri kuliko ukanda ule. Mtoto anaanzia mahali pa siri kwenye kitu cha kweli, na anajua tangu mwanzo ni lini jicho la watu litamfikia. Hapewi ruhusa ya kukosea daima wala hadaiwi ukamilifu siku ya kwanza. Na duara lililofungwa kwenye foronya likaeleweka: duara ni gumu, mistari yake inapinda yote, halina kisogo. "Na likiwa juu halifichiki," Shangazi alisema. "Akiinama, kila aliye mbele yake anasoma kazi yako."

Kiua chenyewe nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachofanya kofia iwe kofia, na pia ndicho kinachoruhusu kichwa kipumue katika joto la pwani. Tundu halikatwi kwa mkasi. Ukikata, unakata nyuzi za kitambaa, na baada ya kufuliwa mara chache kiua hupasuka. Shangazi hutumia shazia, sindano nene ya kushonea majamvi na magunia, ncha yake ameisugua juu ya jiwe hadi ikawa laini. Anaisukuma taratibu katikati ya alama ya penseli huku akiizungusha, nyuzi za kitambaa zinasogea pembeni bila kukatika, na tundu linafunguka. Papo hapo, kabla halijajifunga, sindano ndogo inaingia tunduni, inatokea nje kidogo ya ukingo, inarudi tena tunduni, ikizunguka hivyo hivyo na kuzivuta zile nyuzi zilizosogezwa zikae huko zilikokwenda. Mishono ibanane kama meno ya chanuo. Ukiikaza kupita kiasi tundu linakunjamana, ukiilegeza linafumba. Mzunguko ukikamilika shazia inapitishwa tena kusawazisha umbo.

Viua vya kwanza vya binti vilikuwa na umbo la yai. Viwili vilifumba kabisa. Alivuta uzi kwa nguvu sana kila alipohofia, na alihofia kila mara. Shangazi hakumnyang'anya kazi, jambo ambalo mimi ningelifanya bila kujijua. Aliweka kidole chake juu ya kidole cha mtoto, uzi ukapita chini ya vidole vyote viwili, akavuta hadi pale panapotosha, akaachia. Akarudia. Kipimo cha mvuto wa uzi hakisemeki kwa maneno, nami ninayeandika haya siwezi kukuelekeza kiasi chake. Unakipata kwa kidole kilicho juu ya kidole.

Kitu kingine alichokishikilia bila huruma ni upande wa ndani. Kila ua lilipoisha aliugeuza ukanda kwanza, akatazama nyuma kabla ya mbele. Fundo halitakiwi. Uzi mpya huanzishwa kwa kuuficha mkia kati ya nguo mbili na kuushonea juu. Uzi unaokwisha hupitishwa chini ya mishono iliyokwishashonwa na kukatwa. Sababu yake si urembo. Fundo hukwaruza ngozi ya kichwa, na jasho likiingia hugeuka uchafu usiotoka. Babu mwenye upara, akamkumbusha, huhisi kila fundo. Binti alicheka, lakini nilimwona akifumua mkia mmoja aliokuwa ameufunga kwa siri.

Kila asubuhi waliosha mikono kwa sabuni na kuifuta hadi ikakauka. Chai ilinywewa mbali, na maandazi hayakuruhusiwa kukaribia mkeka, kwa kuwa tone la mafuta kwenye bafta nyeupe hukaa. Walishona tangu jua lilipoingia mlangoni hadi adhana ya adhuhuri, wakapumzika, wakaendelea alasiri kama karafuu hazikuwaita. Usiku hapana. Shangazi anaamini taa ya umeme huficha upotofu wa mstari, na baada ya kutazama mistari miwili, wa mchana na wa usiku aliouiba binti siku moja, nakubaliana naye.

Uzi mweupe ulipotuishia tulikwenda Chake Chake kununua mwingine. Kwenye duka moja kofia za mashine zilikuwa zimepangwa kwa marundo, nadhifu, za kila rangi, na bei yake haikutosha kulipia hata uzi na bafta ya kofia yetu. Binti alishika moja, akaingiza kidole ndani, akaigeuza. Nyuzi za nyuma zilikuwa zimezagaa. Aliirudisha taratibu. Njiani alimwuliza bibi yake kofia yake ikiisha ingeuzwa kiasi gani, kama ingekuwa ya kuuza.

Shangazi alimpa jibu la mfanyabiashara. Alimtaka ahesabu saa alizotumia kwa ua moja, azidishe kwa 11, aongeze duara, kisha ajiulize mchumaji karafuu hulipwa nini kwa muda huo. Hesabu ilitoka kubwa, na mtoto akasema hakuna mtu atakayenunua. "Wapo," Shangazi alimwambia, "lakini ukijipunja mwenyewe hawatakuja kukuongeza." Ninaliunga mkono neno hilo kwa moyo wote. Tumezoea kusifu kofia ya mkono kuwa ni urithi, kisha tukamlipa aliyeishona kana kwamba alikuwa anapoteza muda ukumbini. Wanaume huvaa kofia hizi kwenye nikahi, kwenye maulidi, kwenye picha za uchaguzi, na wachache wanaweza kumtaja aliyezidarizi. Mshonaji haandiki jina lake popote. Sioni sababu ya hali hiyo kuendelea. Kipande kidogo cha utepe ndani ya ukanda kingetosha.

Jirani mmoja wa Shangazi hushona kwa maagizo ya ndugu zake walioko Muscat. Si ajabu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi za Zanzibar zenye asili ya Oman zilihamia huko, na kofia ya kudarizi yenye viua, iliyokuwa imezoeleka katika visiwa hivi, imekuwa huko vazi la kila siku la mwanamume. Kaskazini nako, Barawa ya Somalia, mji ambao wenyeji wake wana Kiswahili chao cha Chimwini, unajulikana kwa kofia yake ya kudariziwa kiasi kwamba Wasomali huiita kwa jina la mji. Jirani yule alituonyesha agizo lake: uzi wa buluu na kahawia, michoro imejaa hadi nyeupe ya kitambaa ikawa haionekani. Binti aliipenda sana na papo hapo akataka kuongeza rangi kwenye yake. Shangazi alimkatalia. Kaka yake amevaa nyeupe maisha yake yote, na kofia hushonwa kwa ajili ya kichwa, si kwa ajili ya sindano.

Ua la tano alilishona mara mbili. Halikuwa baya, mimi ningeliacha. Alilifumua mwenyewe bila kuambiwa, akitumia ncha ya shazia kuinua kila mshono, na matundu yaliyobaki akayasugua kwa ukucha hadi nyuzi zikajirudi mahali pake. Shangazi alikuwa jikoni. Aliporudi akaona ua limetoweka, akakaa, hakuuliza chochote.

La sita alilianza asubuhi ya Ijumaa. Sitalisifu kupita kiasi. Petali moja ilikuwa nyembamba kuliko nyingine, na kiua cha katikati kilikuwa kikubwa kidogo. Lakini vyote tisa vilikuwa wazi, duara, na nyuma yake palikuwa safi kiasi kwamba Shangazi aliugeuza ukanda mara mbili kuhakikisha anatazama upande gani. Akampa mtoto subana yake ya chuma, iliyokwishaliwa na vichwa vya sindano, akamwambia aivae kidole cha kati na asiipeleke shule.

Likizo iliisha maua manne yakiwa bado. Hayo aliyashonea Tanga, mwisho wa juma, baada ya kazi za shule, akimpigia bibi yake picha za upande wa ndani. Majibu yalikuja kwa sauti, mafupi: hapa umekaza, hapa sawa, hapa fumua. Mwezi uliopita aliunganisha ncha za ukanda. Kwenye mshono wa kisogoni ua la kwanza limekaa ubavuni mwa la 11, lile la viua vya umbo la yai na lile la viua vya mviringo, na mtu akiyatazama pamoja hawezi kuamini ni mkono mmoja. Aliniuliza kama afumue la kwanza ili yalingane. Nikamwambia amwulize bibi yake.

"Liache," Shangazi alisema. "Huko ni kisogoni."

Sasa ametoa duara kwenye foronya. Amelikunja mara nne kupata sehemu 16, amechora mistari kwa uzi na penseli, amepiga bandi, na safari hii bandi imenyooka. Likimalizika litaunganishwa na ukanda, kofia itafuliwa, itatiwa kanji na kukaushwa juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, ambayo tumekwisha kuitafuta na kuipima mzingo wake: inchi 22. Babu yake ameshaambiwa kwamba sikukuu hii avae ile ya zamani.